Je, kila anayechoka ni mvivu?

Katika darsa la akina mama tunalolifanya kila Jumamosi baada ya Alasiri hapa Nyakato, mama mmoja aliniuliza swali. "Ukhti, huyu mke wa mwanangu hana homa, hana njaa, lakini kila siku amechoka. Alfajiri anaisali jua limeshatoka. Huyu si katika wale wanafiki waliotajwa kwenye Qur'an?" Nikamjibu kwamba asimhukumu, wahimizane kwa wema. Jibu zuri, lakini lilikuwa jibu la mtu anayekimbia, kwani huyo mkwe anayesemwa alinifanana mimi wa miaka sita iliyopita.

Nilikuwa na umri wa miaka 29, nimejifungua mtoto wa pili. Miezi ikapita, uchovu wa uzazi haukuisha. Nikilala saa tisa naamka kama sikulala. Nikiwa darasani nafundisha, sentensi inanikatikia katikati nasahau nilikuwa nasema nini. Jua la Mwanza mnalijua, lakini mimi nilivaa sweta mchana na wanafunzi wakacheka. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, uso ukavimba, sauti ikawa nzito.

Kila mtu alikuwa na hukumu yake. Mama mkwe alisema nimedekezwa. Jirani akasema ni husda, nitafute wa kunisomea ruqya. Ruqya siikatai, ni Sunna, na nilisomewa. Dada mmoja aliniuzia makopo mawili ya vitamini kwa fedha ambayo ingelipa maziwa ya mtoto ya mwezi mzima. Lakini hukumu kali kuliko zote niliitoa mwenyewe. Nimesoma dini hadi chuo kikuu, na kila nikiamka adhana imeshapita zamani, nilijisomea ile aya ya 142 ya Sura an-Nisaa, inayowaeleza wanafiki kuwa wanaposimama kusali husimama kwa uvivu. Nikaamini naelezwa mimi.

Ndugu msomaji, hapa ndipo nilipokosea, na nilikosea katika somo langu mwenyewe. Neno la uvivu katika aya ile linatokana na asili moja na neno kasal. Mtume (s.a.w.), katika dua iliyopokewa na Anas bin Malik na kuthibiti kwa Bukhari na Muslim, alijikinga kwa Allah kutokana na mambo kadhaa, na miongoni mwake yamo mawili yanayotajwa pamoja: 'ajz na kasal. Kama ni kitu kimoja, kwa nini yatajwe mawili? Imam an-Nawawi katika sherehe yake ya Sahih Muslim ameyatenganisha: 'ajz ni kukosa uwezo, na kasal ni uwezo kuwepo lakini nafsi isiinuke. Mvivu na asiyeweza wote wawili wamelala. Anayechungulia dirishani hawezi kuwatofautisha. Aya inamsema mmoja, nasi tunampiga nayo mwingine.

Na Mtume (s.a.w.) alipokuta kamba imefungwa kati ya nguzo mbili za msikiti, akaambiwa ni ya Zaynab, akichoka katika sala anaishika, hakumsifu kwa kujilazimisha. Aliamuru ifunguliwe, na akaelekeza kwamba mtu asali akiwa na nguvu, akichoka akae. Ni kweli kisa kile ni cha sala za sunna, na faradhi haina ruhusa ya kuachwa kwa uchovu. Lakini hata faradhi, Imran bin Husayn alipokuwa mgonjwa aliambiwa asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Sheria yenyewe imeuliza kwanza: unaweza nini?

Nani basi anaupima uwezo? Kwangu mimi ilikuwa ni chupa ndogo ya damu. Daktari alinishika shingo, akaandika kipimo kinachoitwa TSH, na majibu yakaonyesha kuwa tezi ya shingo imelegea. Ni tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, chini kidogo ya kongomeo, inayotoa homoni za kuuendesha mwili: joto, mapigo ya moyo, chakula kugeuka nguvu. Ikizembea, kila kitu kinakwenda polepole, akili nayo imo. Baadhi ya wanawake huwapata baada ya kujifungua, wengine hupona wenyewe na wengine kama mimi haliondoki. Wazee wetu walilijua rovu, na ndiyo sababu tangu miaka ya 1990 chumvi yetu ikalazimishwa kutiwa madini joto. Yangu haikutokana na chumvi, wala kuongeza chumvi kusingenisaidia.

Nikapewa vidonge vya thairoksini. Kuna waliouliza kama ni halali, na swali si la kudharau, maana zipo dawa za namna hii zinazotengenezwa kwa tezi ya nguruwe iliyokaushwa. (Mgonjwa wa kwanza kutibiwa hivi, huko Uingereza mwaka 1891, alipewa maji ya tezi ya kondoo.) Vidonge ninavyotumia mimi homoni yake hutengenezwa kiwandani kwa kemikali.

Miezi miwili sikuona kitu. Kumbe kosa langu: nilikuwa nakimeza pamoja na kidonge cha madini ya chuma, juu yake chai ya maziwa. Chuma na maziwa huizuia dawa isiingie mwilini. Sasa nakimeza kwa maji matupu nikiamka, nusu saa au saa moja kabla ya kula, na chuma nakiacha hadi mchana, saa nne au zaidi baadaye. Ramadhani naamka mapema kabla ya daku. Chuma kilinisaidia kwa sababu damu ilikuwa imepungua kweli. Yale makopo ya vitamini hayakuigusa tezi, na zaidi yalikuwa na bayotini nyingi ya kuotesha nywele, ambayo huweza kuharibu majibu ya kipimo. Daktari aliniambia niache siku kadhaa kabla ya kutoa damu.

Nimepona? Nimetengemaa, alhamdulillah. Lakini kidonge kimeniletea mtihani nisioutarajia. Zamani nikilala sikujua kama ni 'ajz au kasal. Sasa damu iko sawa, kipimo kinasema naweza, na bado zipo alfajiri naisikia adhana ya Buzuruga vizuri kabisa, na mwili upo tayari, nami navuta shuka. Hizo ni zangu. Siwezi kuziandika kwenye hesabu ya tezi, ingawa mume wangu yuko tayari kunisamehe akidhani ni maradhi.

Lipo jambo jingine ambalo sikulisema darsani. Mwaka mmoja kabla sijaugua, nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, binti aliyetoka vijiji vya ziwani upande wa Kayenze. Alisinzia katika kipindi changu karibu kila wiki. Siku moja nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamsomea aya ileile ya an-Nisaa. Darasa likacheka. Baada ya likizo hakurudi.

Huku ziwani kwetu watoto huingia majini tangu wadogo, na kichocho kimejaa. Kichocho, safura na malaria hupunguza damu na kumfanya mtoto asinzie mchana kweupe. Sijui yeye alikuwa na nini, kwa sababu sikuuliza. Na dhambi baina yangu na Allah naweza kuitubia usiku huu, lakini ile ya haki ya mja inamhitaji mwenyewe. Nimewauliza wenzake. Mmoja anasema aliolewa Sengerema, mwingine anasema yuko kwa shangazi yake Ukerewe.

Jumamosi hii nimemwomba yule mama aje na mkwe wake. Nitawasimulia yote mawili, tezi yangu na yule binti, kisha tukiridhiana Jumatatu nitamsindikiza akapimwe damu.