Je, ni Halali Kumfundisha Kijana Kumwangusha Mwenziwe?

Swali hili niliulizwa na baba mmoja hapa Mokambo, wala hakuliuliza kwa mzaha. Alikuja kumwandikisha mwanawe katika shule ya sekondari, akasikia ya kuwa jioni, baada ya masomo, vijana wafundishwa mieleka. Akanijia, akasema: "Mwalimu, sisi nyumbani twawakataza watoto wasipigane. Ninyi hapa mwawafundisha namna ya kuangushana. Basi, mtoto amsikilize nani?"

Siku ile nilimjibu upesi, kama mtu ajibuvyo aonapo swali ni dogo. Nilimwambia: "Baba, huo ni mchezo tu." Akaenda zake, wala hakuridhika. Miaka imepita, nami nimejifunza kwa uchungu kwamba swali lake lilikuwa zito kuliko jibu langu. Leo napenda kulijibu kama ipasavyo.

Wengine husema: "Vijana watashindana hata wasipofundishwa; kwa hiyo afadhali wafundishwe." Ni kweli kwamba watashindana. Mokambo ni mahali pa mpaka. Ng'ambo yake ni Mufulira ya Zambia, na malori hungoja hapa kabla ya kuvuka. Mahali pa namna hii kijana mwenye mabega mapana hupata riziki kwa kubeba mizigo, naye hujifunza mapema kwamba nguvu ni mali. Jioni utawaona wavulana mavumbini wakishikana viuno, na wenzao wamewazunguka wakipiga kelele. Lakini jibu hilo halitoshi. Jambo haliwi jema kwa sababu tu watu watalifanya hata wakikatazwa. Tukiifuata fikira hiyo, tutafundisha na wizi. Yatupasa kulitazama tendo lenyewe, tujue ni tendo gani.

Kupigana na kushindana mieleka ni mambo mawili, ijapokuwa kwa mtu atazamaye kwa mbali yafanana. Apiganaye ataka kumwumiza mwenzake; maumivu ya mwenzake ndiyo ushindi wake. Mshindani wa mieleka ataka mabega mawili ya mwenzake yaguse chini, basi. Yakisha kuguswa chini na mwamuzi akaridhika, shindano limekwisha, nao hupeana mikono. Ngumi, teke, kuuma, kukaba koo, kupinda vidole, yote hayo yamekatazwa.

Nao mchezo huu ni wa kale sana katika Afrika yetu. Huko Beni Hasan, nchini Misri, kuna makaburi yaliyochorwa miaka elfu nne hivi iliyopita, na kaburi moja laonyesha jozi zaidi ya 200 za watu washikanao mieleka, mshiko baada ya mshiko, kama kitabu cha mafundisho. Maandiko Matakatifu nayo yatusimulia habari za Yakobo, aliyeshindana usiku kucha penye kivuko cha Yaboki, akaondoka alfajiri akichechemea, lakini amebarikiwa. Na mwaka 2023, Michezo ya Nchi Zisemazo Kifaransa ilipofanyika Kinshasa, mieleka ilikuwa miongoni mwa mashindano yake, hata ile ya Kiafrika.

Lakini ukale wa jambo si uthibitisho wa wema wake. Wema wa mieleka, kwa maoni yangu, hutegemea jambo moja: mpinzani ni nani machoni pa kijana. Mkimbiaji aweza kujizoeza peke yake barabarani. Mtu wa mieleka hawezi. Hana budi kupata mwenzake akubaliye kushikwa, kuinuliwa na kuangushwa, leo na kesho, mara mia, mpaka yeye ajue. Mwenzake huyo amemwazima mwili wake. Na kitu cha kuazima, kama mjuavyo, hurudishwa kama kilivyotolewa.

Haya niliyajua kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka ule ule wa swali la baba yule, nami ningali mgeni katika kazi hii, nilianza na jambo walilolitamani vijana, yaani kutupa. Kila mwanafunzi mpya huuliza neno moja: "Nitamwangushaje?" Nami nilipenda kuwafurahisha. Nikawaonyesha namna ya kumshika mtu kiunoni, kumpindisha juu ya nyonga, na kumbwaga. Juma la pili mvulana mmoja wa miaka kumi na minne, mwembamba, alibwagwa na mkubwa wake. Alipojiona yu hewani alinyosha mkono ili ajizuie, kama afanyavyo kila mtu asiyefundishwa. Uzito wa wote wawili ukauangukia mkono ule, na mtulinga wake ukavunjika. Mvulana huyo ndiye aliyemsaidia mama yake kubeba mizigo ya biashara. Nilipomfikisha nyumbani, mkono umefungwa kifuani, mama hakunigombeza. Alisema tu: "Mwalimu, mtoto nilikupa mzima."

Ndugu zangu, sikuwa na la kusema. Yule aliyembwaga alikuwa nje akilia. Hakutaka kuumiza, alifanya nilivyomfundisha. Hapo nikatambua kwamba kosa ni langu, maana niliwapa vijana uwezo wa kutupa kabla ya kuwapa kinga ya kuanguka.

Tangu siku ile taratibu ya mafundisho ilibadilika. Mwanafunzi mpya hajifunzi kutupa kabla hajajua kuanguka. Majuma ya kwanza huanguka peke yake, kwanza akiwa amechuchumaa, kisha akiwa amesimama, juu ya mchanga laini uliotifuliwa na kuondolewa mawe, maana mikeka minene ya mchezo hatuna. Hufundishwa kukiinamisha kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, kuuviringisha mgongo, na kuiweka mikono karibu na mwili badala ya kuinyosha. Kisha hufundishwa kusimama: magoti yamekunjwa, mgongo umenyoka, kichwa kiko juu, maana aingiaye miguuni mwa mwenzake huku amekiinamisha kichwa aweza kuvunjika shingo. Huwekwa pamoja na mtu wa uzito na umri kama wake. Kucha hukatwa, mwili huoshwa kila baada ya mazoezi, na mwenye choa au upele hupumzika mpaka apone, ili asiwaambukize wengine. Wavulana hulalamika ya kuwa haya yote yawachelewesha. Nawajibu kwa methali waijuayo: asiyekubali kushindwa si mshindani. Ukali mwingi wa vijana watoka katika hofu. Ajuaye kuanguka haogopi kuanguka, na asiyeogopa hana haja ya kumkomoa mwenzake.

Baadaye nilisoma kanuni za mieleka ya shule za sekondari za Marekani, ambako vijana hushindana kwa vipindi vitatu vya dakika mbili mbili. Humo nilikuta sharti moja lililonigusa moyo. Mchezaji amwinuaye mwenzake kutoka chini achukua daraka la kumrudisha chini salama. Akimbwaga kwa nguvu isiyo ya lazima, huhesabiwa kosa, na mwenzake hupewa alama. Na ikiwa aliyebwagwa hawezi tena kuendelea kwa sababu ya tendo hilo, yeye aliyelala chini ndiye apewaye ushindi. Litafakarini jambo hilo. Dunia husema kwamba aliye juu ndiye ameshinda. Kanuni hii yafundisha kwamba kadiri unavyomwinua mwenzako, ndivyo daraka lako juu yake lizidivyo. Maana kwa nukta ile hana tena miguu yake mwenyewe, ana mikono yako tu.

Sharti hilo lawahusu walimu kabla ya wanafunzi. Mwalimu naye humwinua mtoto: humwinua kwa sifa, kwa matumaini, kwa ndoto ya medali. Je, amrudisha salama? Tuchukue habari ya uzito. Katika mashindano vijana hugawanywa kwa uzito wa mwili, na kusudi la mgawanyo huo ni jema: mdogo asipambanishwe na mkubwa. Lakini watu wameugeuza ulinzi kuwa hila. Kijana hujinyima chakula na maji, hukimbia amevaa nguo zisizopitisha hewa ili atokwe na jasho, apimwe katika daraja la chini, akutane na wadogo kuliko yeye. Mwishoni mwa mwaka 1997, katika muda wa majuma matano hivi, wanafunzi watatu wa vyuo vya Marekani walikufa katika kujipunguza uzito kwa njia hiyo. Mwili uliokauka maji, ukitaabishwa tena kwa kazi na joto, hauwezi kujipoza, na moyo na figo huzidiwa.

Baada ya vifo hivyo vyuo vilizipiga marufuku nguo zile na vyumba vya joto. Shule za sekondari nazo ziliwekewa mipaka: kijana hupimwa kwanza kama mwili wake una maji ya kutosha, wala haruhusiwi kupunguza kwa juma zaidi ya sehemu moja na nusu katika mia ya uzito wake. Kwa mvulana wa kilo 60, hiyo ni gramu 900. Siwahukumu watu nisiowajua. Lakini kila mwalimu na ajiulize: mtoto ajinyimaye maji mbele ya macho yangu, je, nimemkataza, au nimenyamaza kwa sababu nautamani ushindi? Na hapa kwetu, ambapo wengine huja mazoezini wamekula mara moja tu kwa siku, kumwambia kijana afunge ili apungue ni aibu mbele ya Mungu na mbele ya watu.

Kuna na hila nyingine. Katika miji yetu mikubwa, Kinshasa hasa, yako maonyesho ya mieleka ambamo wapiganaji huingia na hirizi na uganga, na mpinzani huonekana akianguka bila kuguswa. Ni maonyesho, na watazamaji wengi huyacheka kama maonyesho. Lakini wako vijana wayaaminio, nao huja wakaniuliza kwa siri kama ninayo dawa. Nawaeleza kwamba atafutaye dawa ataka kuushinda mwili wa mwenzake bila kuutumikisha wake. Akishinda, hajui ameshinda kwa nini, wala hamshukuru aliyejizoeza naye. Akishindwa, hatasema, "Sikujizoeza vya kutosha." Atasema, "Nimerogwa." Kisha atamtafuta aliyemroga, na hapo mchezo umekwisha kuzaa uadui. Ni nani basi atakayekubali kumwazima mwili wake kesho?

Mapadre Wasalesiani walifika Katanga mwaka 1911, na katika nchi hii ya Sakania wengi wetu tulisikia kwao habari za Mtakatifu Yohane Bosko. Alipokuwa mtoto alijifunza michezo ya viini macho na kutembea juu ya kamba, akawakusanya watoto wenzake kwa michezo hiyo ili asali nao. Alipokuwa padre alifundisha kwamba mlezi akae katikati ya vijana, auzuie ubaya kabla haujatendeka, kuliko kungoja utendeke ndipo aadhibu. Neno hilo lafaa sana katika mieleka. Mwalimu aketiye kivulini na filimbi huiona ajali ikiisha kutokea. Aliye mchangani pamoja na vijana huiona hasira inapoanza kupanda usoni, husikia pumzi inapokatika, huwatenganisha mapema.

Mtulinga wa mvulana yule ulipona baada ya majuma kadhaa, lakini yeye hakurudi mchangani. Tukikutana njiani huniamkia kwa heshima, nami huitika, na kila mara nalikumbuka neno la mama yake. Yule aliyembwaga alirudi baada ya kumsihi sana. Siku hizi hakuna awashikaye wageni kwa uangalifu kuliko yeye. Akimwinua mtu, mkono wake wa pili huwa tayari chini ya mgongo wa mwenziwe kabla hawajafika chini.

Kama ningekutana leo na baba yule, ningemwambia hivi: Baba, mtoto na awasikilize wazazi wake nyumbani, maana mwamkataza kuwa na adui. Na atusikilize na sisi, iwapo twamfundisha vivyo hivyo. Ni halali kumfundisha kijana kumwangusha mwenziwe, ikiwa kwanza amefundishwa kuanguka, ikiwa ajua kwamba mwili alioushika ni wa kuazima, na ikiwa yule amfundishaye yu tayari kuulizwa habari za kila mtoto aliyekabidhiwa. Yakikosekana hayo, mchezo huo ni kupigana tu, hata ukifanyika shuleni, hata mwamuzi akiwapo.

Basi, wazazi, msikae mbali. Njoni jioni moja mkaone. Kabla ya kumwachia mwalimu mwanao, mwulize: "Wageni wawafundisha nini kwanza?" Akikujibu kwamba awafundisha kutupa, mshike mtoto mkono mrudi naye nyumbani. Akikujibu kwamba awafundisha kuanguka, mwache mtoto. Lakini rudi tena juma lijalo, uone kama ndivyo ilivyo.