Undugu wa Madina

Imeulizwa: je, jamii ya ndugu ina haki kubwa kuliko ndugu mmoja mmoja aliyemo? Wasemao ndiyo hutoa hoja ya kuwa mtu hufa na jamii ikabaki, nayo si hoja dhaifu. Lakini na watazame Madina.

Mwaka 1 wa Hijra (622) Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaunganisha Muhajirina na Ansari mtu na mtu, wala hakuwahesabu jumla akawaacha. Saad bin Rabii akataka kumpa Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu; akachuuza samli na jibini kavu, akapata riziki yake. Na undugu haukuvunjika kwa kukataa kwake! Wangapi hukasirika mwenzao asipokula cha chama?

Tena ndugu hao walikuwa wakirithiana. Hukumu hiyo ikafutwa, urithi ukarudi kwa jamaa wa nasaba. Lau jamii ingalikuwa ndiyo asili, kanuni yake isingaliondolewa kwa ajili ya haki za watu.

Wala ukoo nao haukuachiwa. Saad aliuawa Uhud mwaka 3 (625), akaacha mjane na binti wawili, na ndugu yake akaizoa mali yote. Mjane akamshitakia Mtume. Aya ya mirathi ikashuka: binti wakapewa thuluthi mbili, mama yao thumuni, na yule ami akapata kilichosalia.