Basi ni la Nani?
Desemba 2019, Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia pesa za serikali kuu zisinunue mabasi na mabehewa ya kampuni zenye mkono wa Uchina. Sababu ninaielewa: mshindani anayebebwa na serikali yake huua viwanda vya wengine. Lakini basi la BYD lililoundwa Lancaster, California, na mafundi wa hapo hapo, ni geni kwa nani? Sheria inamtazama mwenye kampuni, haimwoni mwenye spana. Wala haimwoni mama anayengoja stejini. Kulinda viwanda ni haki, sikatai. Ila serikali ikikataa basi la bei nafuu, tofauti ilipe yenyewe. Isimwachie abiria deni la uzalendo wake.