Mara Thelathini za Nini?

Kwenye boksi palikuwa na picha ya tai na chini yake namba kubwa: 10–30×60. Muuzaji hakupata kazi ya kunibembeleza. Niliposikia darubini inasogeza kitu mara thelathini, nililipa nikatoka dukani kifua mbele kama mtu aliyenunua gari.

Kesho yake wakati wa chakula niliiweka mezani mbele ya Mzee. Tunafanya kazi kiwanda kimoja hapa Bowling Green, Kentucky. Yeye ni Mkongomani wa Uvira, na ndiye aliyekuwa amekubali kunipeleka kwa mara ya kwanza kuwinda bata mzinga wa porini. Aliipima uzito kwa mkono, kama anayenunua samaki.

"Bata mzinga unampiga akiwa umbali gani?"

"Hatua arobaini, Mzee. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Sasa mara thelathini za nini, mwanangu? Unataka kuhesabu chawa wake?"

Meza nzima ilicheka. Mimi nilicheka kwa adabu tu, kwa sababu nilikuwa nimeshaiona darubini yake: 8×32, mpira umebanduka ukingoni, imefungwa kifuani kwa mikanda miwili ya kupita mabegani. Moyoni niliionea huruma.

Kentucky, aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1975 kwa kawaida lazima apite darasa la usalama ndipo aruhusiwe kuwinda. Mimi nilipita. Nilifundishwa kwamba msimu wa machipuko anayeruhusiwa kupigwa ni dume, au ndege yeyote mwenye ndevu zinazoonekana, yaani ule mshungi wa nywele ngumu unaoning'inia kifuani. Majike wachache nao huota ndevu, ndiyo maana sheria ikataja ndevu. Nilifundishwa pia kwamba kichwa cha dume huwa chekundu, cheupe na cha buluu, kwa hiyo mwindaji asivae rangi hizo tatu hata kwenye soksi. Nilikagua soksi zangu. Darubini sikuikagua.

Tuliingia msituni katikati ya Aprili, nyota zikiwa bado angani. Tuliegemea mwaloni mpana kuliko mabega yetu sisi wawili, ili mtu akitokea nyuma asituone kama kivuli cha ndege. Nguo zetu zilikuwa za mabakamabaka, na nyuso tumezifunika kwa wavu. Mzee alitoa kisanduku chake cha mbao, akasugua kifuniko juu ya ukingo, kikalia kama jike anayeita. Mbali bondeni dume akajibu: golo-golo-golo! Mwili ulinisisimka.

Bila kungoja nilinyanyua darubini yangu, nikazungusha kidude hadi thelathini. Niliona giza. Nilisubiri kupambazuke kidogo, nikatazama tena: ukungu, kwa sababu pumzi yangu iliyopita chini ya wavu ilikuwa imetanda kwenye vioo. Nikafuta, nikatazama tena. Safari hii niliona gome la mti, likicheza kama lililo ndani ya mtumbwi, nisijue ni mti upi kati ya miti mia. Darubini ikikuza mara thelathini, mtetemeko wa mikono nao unakuzwa mara thelathini, na eneo unaloliona linabana kama tundu la ufunguo. Kila niliponyanyua na kushusha lile dude zito, nilikuwa napepea mikono mbele ya ndege mwenye macho pembeni mwa kichwa, anayeona karibu pande zote na kutambua rangi. Dume akanyamaza. Mzee hakusema neno.

Jua lilipochomoza, mwanga uligusa vilele vya miti. Chini kulikuwa bado na utusitusi. Mzee akasugua tena kisanduku. Kama hatua arobaini mbele yetu, penye kichaka cha mpaka wa shamba, kitu kikacheza. Chekundu. Kikapotea, kikatokea tena, na chini yake kitu cheusi kinachosogea. Niliinua darubini: utusitusi ukichezacheza. Nikaishusha. Macho matupu yaliniambia ni dume, kichwa chekundu, kifua cheusi, anakuja kwenye mwito wetu. Bunduki ya marisau ilikuwa imelala magotini. Nakiri kwamba mkono wangu wa kulia ulishaifikia.

Kiganja cha Mzee kilitua juu ya mkono huo, kikaukandamiza. Kwa mkono mwingine aliinyanyua darubini yake polepole, inchi kwa inchi, mpaka machoni. Alitazama kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akapaza sauti kwa Kiingereza, bila kupunga mkono wala kusimama: "Wewe bwana! Kuna watu hapa chini ya mti!"

Kichaka kikasimama. Kilikuwa mwanamume wa makamo, jirani wa shamba lile, koti jeusi la mabaka, na mkononi leso nyekundu. Mafua ya machipuko yalikuwa yamembana. Alikuwa anapenga kamasi. Alisikia sauti ya jike, akainyatia, asijue jike mwenyewe ni mzee wa Uvira na kisanduku cha mbao.

Tulikaa kwenye gari la mizigo la jirani tukanywa kahawa, mikono yangu ikiwa haijatulia. Ndipo jirani akasema neno ambalo bado linanikosesha usingizi. Alisema na yeye alikuwa amesimama kwa dakika kadhaa akiutazama mwaloni wetu, maana chini yake kulikuwa na kitu chekundu kinachotokea na kupotea, tena kwa kimo cha kichwa cha dume.

Mzee aliichukua darubini yangu bila kuomba, akaigeuzia jua. Vioo vikawaka wekundu kama makaa.

Ule wekundu ndio ulionivutia dukani. Nilidhani ni dalili ya ubora. Mzee alinieleza kwamba kioo kizuri hupakwa tabaka nyembamba zinazosaidia mwanga upite, na ukikitazama chini ya taa kinarudisha mng'ao hafifu wa kijani au zambarau. Kioo kinachong'aa wekundu kinautupa nje mwanga ambao ulipaswa kuingia jichoni mwako. Unapata picha pungufu, na walio mbele yako wanapata taa nyekundu.

Kisha akanifundisha namba nilizozilipia bila kuzielewa. Ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa duara la mwanga linalofika kwenye mboni. Yangu, 60 kwa 30, ni milimita 2. Yake, 32 kwa 8, ni 4. Alfajiri mboni ya jicho hutanuka, na ya kijana inaweza kupita milimita 5. Ukiipa 2 umeinyima mwanga. Huna haja hata ya kugawanya: ishike darubini mbali na uso, ielekeze kwenye mwanga, utazame kioo cha nyuma. Kwenye yangu duara lilikuwa punje ya ulezi. Kwenye yake, pilipili manga.

Sasa ninayo 8×42, inayotoa zaidi kidogo ya milimita 5. Anayewinda kando ya mashamba ya wazi anaweza kuchukua 10×42. Msituni nane inatosha na inatulia mkononi. Niliinunua jioni, nikamwomba muuzaji anitolee nje ya mlango niitazame wakati giza linaingia, kwa sababu chini ya taa za duka kila darubini ni nzuri. Niliijaribu nikiwa na miwani yangu, nione kama picha inafika hadi ukingoni. Niliuliza kama imezibwa isiingie maji na kama imejazwa naitrojeni, ili isipate ukungu ndani. Ukungu wa pumzi kwa nje naitrojeni haiuzuii. Huo nauzuia mimi kwa kushusha wavu. Na nilinunua mikanda ya kifuani kama ya Mzee, ikae pale inaponyanyuliwa kwa mwendo mfupi.

Nilidhani darubini hununuliwa kwa ajili ya kilicho mbali. Kwa mwindaji wa bata mzinga hununuliwa kwa ajili ya kile kilicho hatua arobaini, ambacho macho yako yanaapa kwamba yamekiona. Inatangulia bunduki, wala kazi yake haifanywi kwa lenzi iliyofungwa juu ya bunduki, kwa maana atakayetazamia hiyo ameshamwelekezea mtu mtutu. Kama hujaona ndevu, hujaona ndege.

Siku ile, tukirudi, nilimwuliza Mzee kwa nini hakunikataza mapema, pale mezani. Aliendesha kimya hadi tulipofika barabara ya lami.

"Nilikuambia, mwanangu. Ukacheka." Kisha akaongeza, "Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Na yule bwana leo ametuonyesha yote mawili."