Waasi Wanakula kwa Nani?

Kila sinema ya vita vya angani ina dakika yake ya kupeana mikono. Shujaa ameishiwa mafuta, chombo chake kimeanguka kwenye sayari asiyoijua, na watu waliovaa matambara wanamzunguka na kumwelekezea mitutu. Anaulizwa yeye ni wa upande gani. Anajibu kwa jeuri, halafu anatokea mkubwa wao mwenye kovu usoni na kusema mwacheni, huyu tunamhitaji. Hawapendani, hawaaminiani, lakini adui yao ni mmoja. Muziki unapanda. Watazamaji wanapiga mbinja, maana kuanzia hapo mambo yatanoga.

Mara ya mwisho kuiona dakika hiyo nilikuwa Hamukungu, kando ya Ziwa George, ndani ya kibanda cha video cha mabati kinachotumia umeme wa sola. Hamukungu ni kijiji cha wavuvi na wafugaji wilayani Kasese, Uganda, kilichokumbatiwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Jioni viboko hutoka majini kula nyasi karibu na milango ya watu, kwa hiyo ukishaingia kwenye video huna haraka ya kutoka. Sinema ilikuwa Rogue One ya mwaka 2016, mojawapo ya zile za Star Wars, na juu ya sauti za wenyewe ilipanda sauti ya VJ, mtafsiri wa filamu, akizungumza kwa Kiganda, akiwabandika waasi majina ya utani na kumgeuza jenerali wao kuwa mwenyekiti wa baraza la LC3. Vijana walicheka hadi machozi. Kwenye benchi letu alikuwepo mzee mmoja, mvuvi wa ngege aliyekwisha kustaafu. Kambi ya waasi ilipoonyeshwa, vyombo vimejipanga, watu wamejaa, ramani zinang'aa hewani, akauliza kwa Kiswahili bila kumlenga mtu, "Hawa wanakula kwa nani?"

Hakuna aliyemjibu. VJ alikuwa ameshahamia kwenye mabomu.

Tangu jioni ile siwezi kutazama filamu ya aina hiyo bila kutafuta jiko. Nadra ulione. Waasi wa angani wana silaha, wana mafundi, wana madaktari wa chuma, ila hakuna anayemenya muhogo. Ukitaka kuwaona wanaowalisha, rudi kwenye ile ya kwanza kabisa ya mwaka 1977. Yule kijana Luke analelewa na mjomba Owen na shangazi Beru, wakulima wa jangwani wanaovuna unyevu wa hewa ili kupata maji. Mjomba ananunua roboti mbili za kumsaidia shambani, hajui kwamba moja imebeba siri ya waasi. Askari wa dola wanafuata nyayo hadi pale nyumbani. Luke anarudi na kukuta nyumba inafuka moshi na miili imelala mlangoni. Anatazama, anaondoka, anaanza safari yake ya ushujaa. Owen na Beru walikuwa washirika wa waasi bila kuombwa na bila kujua, na walilipa deni lote siku moja.

Rogue One yenyewe ina jambo jingine ambalo naliona la kweli kuliko roketi zote zilizomo. Jyn Erso anatolewa gerezani na waasi, si kwa huruma, bali kwa sababu yeye pekee anaweza kuwafikisha kwa Saw Gerrera, mpiganaji aliyemlea, ambaye waasi wenzake wamekwisha kumtenga kwa ukali wake. Cassian Andor anapewa kazi ya kufuatana naye. Jyn anadhani wanakwenda kumtafuta baba yake. Cassian ana amri nyingine mfukoni: akimwona huyo baba, amuue. Wako chombo kimoja, safari moja, na kila mmoja anakwenda kwake.

Sisi wa Kasese hatuna haja ya kupanda angani kuyaona hayo. Milima ya Rwenzori iko pale, siku isiyo na ukungu unaiona hata ukiwa mwaloni Hamukungu. Mwaka 1962, Uganda ikijiandaa kupokea uhuru, Wakonzo na Waamba walikataa kuendelea kutawaliwa na ufalme wa Toro. Isaya Mukirania, aliyekuwa mwalimu, akapanda mlimani, na huko ukatangazwa ufalme wa Rwenzururu, wenye mawaziri wake, shule zake na kodi zake. Neno kodi hupita haraka mdomoni. Kule juu, kwenye miteremko ambayo mtu hulima akiwa amejishika kwa mkono mmoja, kodi ilitoka katika muhogo, maharage, ndizi na mbuzi. Anayelipa kodi mlimani bado alikuwa na serikali nyingine bondeni inayomdai ya kwake, na askari wa bondeni walijua vizuri nani anawalisha waliojificha. Ndiyo maana zilichomwa nyumba za watu ambao hawakuwahi kushika hata mkuki.

Mwaka 1963 Waziri Mkuu Obote alijaribu njia ya marafiki. Alimtumia Tom Stacey, mwandishi wa habari Mwingereza, ambaye mwaka 1954 alitembea kwenye milima hiyo akiongozwa na Isaya mwenyewe. Stacey akapanda kumshawishi rafiki yake ashuke. Hakufanikiwa. Nikisoma habari zake namwonea huruma kidogo: rafiki wa pande mbili mara nyingi hulala nje. Isaya alifia mlimani mwaka 1966, na mwanawe Charles Wesley Mumbere akarithi kiti akiwa bado mvulana.

Miaka 20 ilipita tangu 1962 hadi Agosti 1982, Mumbere aliposhuka na watu wake na kukabidhi silaha. Aliyempa mkono ni serikali ya Obote, yuleyule ambaye jeshi lake lilimwinda baba yake. Mpatanishi alikuwa Amon Bazira, mwanasiasa wa huku kwetu aliyekuwa ndani ya serikali hiyo. Usidhani ni mapenzi yaliyoiva. Obote alikuwa na moto wa waasi wengine kule Luwero, akihitaji magharibi patulie. Mumbere alikuwa amekua, vita vimezeeka, na walioilisha Rwenzururu walikuwa wamechoka kulisha. Sehemu hii ya mwisho haiandikwi sana, lakini mimi naamini ndiyo iliyomshusha. Miaka miwili baadaye Mumbere alipelekwa Marekani kusoma, na serikali iliyompeleka ilipoanguka akajitafutia riziki kwa kuhudumia wagonjwa na wazee kama msaidizi wa wauguzi. Mfalme anayebadilisha mashuka ya watu wasiomjua! Hollywood ingekuwa na hadithi hiyo ingeiharibu kwa roketi.

Wakati huohuo, kule Luwero, kundi jingine la waasi lilikuwa limeelewa swali la mzee wangu kuliko wote. NRA ya Museveni ilianza vita mwaka 1981 ikiwa na bunduki chache. Ili ipate chakula na habari, iliunda kamati za siri vijijini. Mwanakamati alijua nani ana maharage, nani ana mtoto jeshini, nani mdomo wake hauna kufuli. Vita vilipokwisha mwaka 1986, kamati zile zikawa mabaraza ya nchi nzima, na leo tunaziita LC. Yule mwenyekiti wa LC1 anayekugongea muhuri ukitaka kitambulisho au ukiuza kiwanja, cheo chake kilizaliwa na jungu la kulisha watu wa msituni. Sijui kama wenyeviti wenyewe wanalikumbuka hilo wanapodai ada ya muhuri.

Hapa nitoke kidogo njiani. Wa Hamukungu wanaujua ulishaji wa aina nyingine. Aprili 2018, karibu na kijiji hicho, walikutwa simba 11 wamekufa kwa sumu, majike watatu na watoto wanane. Dunia nzima ililia, na nilihuzunika mimi pia. Lakini mfugaji wa Kisongora atakwambia kuwa simba wa mtalii hula ng'ombe wa mtu. Sheria inasema asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi irudi kwa majirani, nayo hurudi katika madarasa na zahanati. Hairudi katika umbo la ndama. Sitetei sumu. Nasema tu kwamba ushirika wowote, hata wa mtu na mnyama, una mahali unapopatia chakula, na mahali hapo pasipotazamwa, atatokea mtu wa kupatazama kwa hasira.

Turudi mlimani. Bazira yuleyule aliyewashusha watu mwaka 1982, mwaka 1988 aliwapandisha wengine. Alianzisha kundi la waasi la NALU dhidi ya serikali mpya ya Museveni, ikiegemea Zaire ya Mobutu. Mwaka 1993 aliuawa Kenya. Wafuasi wake wakabaki na kitu kimoja cha thamani: walizijua njia za milimani na milango ya watu. Katikati ya miaka ya tisini wakakutana na kundi jingine, waasi wa Kiislamu wa mrengo mkali waliotoka mbali na huku, chini ya Jamil Mukulu. Hawa walikuwa na watu na ari, hawana njia. Wale walikuwa na njia, hawana watu. Dakika ya kupeana mikono, ile ya sinema. Likazaliwa ADF, na Novemba 1996 wakavuka mpaka na kushambulia Mpondwe na Bwera.

Naamini baadhi ya wale wa NALU walidhani wanaendeleza ugomvi wa baba zao, na kwamba wageni ni wa kutumiwa tu. Cassian alikuwa na amri mfukoni. Hawa wageni walikuwa na vita vizima mfukoni. Hawakuwa na shangazi Bwera wala shemeji Kilembe, kwa hiyo hawakuwa na wa kumwonea haya. Rwenzururu ilipotaka chakula, ilikitaka kwa watu ambao kesho yake ingekutana nao msibani. Hilo haliufanyi ulaji wake kuwa wa haki, lakini liliuwekea mpaka. ADF haikuwa na mpaka huo. Juni 1998 walichoma mabweni ya Chuo cha Ufundi cha Kichwamba, wakaua wanafunzi wapatao 80 na kuteka wengine. Maelfu ya watu wa milimani wakakimbilia kambini. Njia walizoonyeshwa na wenyeji ndizo walizopita kuja kuwaua wenyeji.

Halafu Juni 2023, Shule ya Sekondari Lhubiriha, Mpondwe. Watu zaidi ya 40 waliuawa usiku mmoja, wengi wao wanafunzi. Wavulana walichomewa bwenini, wasichana wakakatwa mapanga. Wauaji walivunja ghala ya chakula ya shule, kisha wakateka wanafunzi sita wa kubeba chakula hicho hadi upande wa Kongo, msitu wa Virunga. Niliposikia habari ya ghala nilimkumbuka mzee wa Hamukungu, na sikuweza kula siku ile. Posho ya watoto, imenunuliwa kwa karo ya wazazi wanaobangaiza mpakani kwa kuuza kahawa, vitenge na samaki wakavu, imebebeshwa watoto wenyewe.

Kwa hiyo kijana anaponiuliza, na huniuliza kweli, kama waasi ni watu wabaya au wazuri, simjibu kwa kutazama bendera yao wala wanachosema redioni. Wapo walioasi kwa haki; mimi mwenyewe nakaa katika wilaya ambayo chimbuko lake ni uasi. Namwambia atazame wanakula nini, wamepewaje, na kama aliyewapa angeweza kukataa. Mwandishi wetu Dilman Dila, ambaye kitabu chake A Killing in the Sun kilitoka mwaka 2014, ameonyesha kuwa hadithi za kisayansi zinaota vizuri katika udongo wa Uganda. Natamani yeye, au kijana mmoja wa Bwera, aandike ile ninayoitafuta: chombo cha waasi kinatua usiku kwenye sayari ya mbali, na anayefungua mlango ni mama mwenye bundu, ugali wetu wa muhogo, la watu wanne kwenye chungu, mbele ya watu 30 wenye silaha. Hadithi yote iishie hapo mlangoni, wanajadiliana.

Kwetu majadiliano hayo hayajaisha. Shangazi yangu aliolewa juu kidogo ya Kilembe. Mwaka 1985, NRA ilipohamishia sehemu ya vita Rwenzori, kikundi cha wapiganaji wao kilipita kwake na kuomba chakula. Waliomba kwa adabu, anasema, wakavua hata kofia. Akawapikia sombe, na mumewe akawaongezea mbuzi jike mwenye mimba, wakaahidi watalipa wakishinda. Walishinda. Mumewe huyo, ambaye ni mtu wa chama tawala hadi leo, anasema deni limelipwa: mwaka 1997 ilikuja elimu ya msingi bila karo na watoto wake wa mwisho wakasoma.

Shangazi humsikiliza hadi mwisho, akichambua maharage. Kisha humkumbusha kwamba jirani yao, aliyezima taa na kujifanya hayupo usiku ule, watoto wake nao walisoma bure.

"Sasa mwambie mwenzako," huniambia mimi, "mbuzi wangu yuko wapi?"