Keki Rahisi

Keki yenyewe ni rahisi, na nitaanza nayo kwa sababu ndiyo sehemu ya habari hii isiyo na utata.

Vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha sukari, vijiko vinne vya chakula vya unga wa kokoa, vijiko viwili vya chai vya beking pauda, chumvi kidogo. Kwenye bakuli la pili: mayai matatu, nusu kikombe cha mafuta ya alizeti, nusu kikombe cha maziwa na nusu kikombe cha kahawa kali iliyopoa kidogo. Usiogope kahawa. Keki haitanuka kahawa. Kinachotokea ni kwamba ladha ya kokoa inakolea zaidi. Changanya vikavu na vya majimaji, koroga mpaka mabonge yaishe, kisha acha. Ukizidisha kukoroga keki inakuwa ngumu. Mimina kwenye chombo cha bati cha mstatili, kile cha kuokea boflo, ulichokipaka mafuta na kukinyunyizia unga.

Nyumbani kwetu hakuna oveni. Nyumbani ni kijiji kimoja nje kidogo ya Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, ambayo ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipogawanywa mwaka 2012. Huko tunaoka kwa moto wa juu na chini: sufuria kubwa lenye mchanga linakaa juu ya jiko la mkaa, chombo cha keki kinawekwa ndani juu ya mchanga, unafunika kwa bati, na juu ya bati unapanga makaa. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo keki inaungua kitako kabla uso haujaiva. Inachukua kama dakika 50. Usifunue kabla ya nusu saa, itabonyea katikati. Ukichoma kijiti kikatoka kikavu, epua.

Hiyo ndiyo keki. Sasa niseme lililotokea siku nilipoipika.

Ilikuwa Desemba. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka Mwanza ninakosoma, na kwenye begi nilikuwa na kopo la kokoa na kile chombo cha bati. Mdogo wangu alikuwa ametoka kumaliza kidato cha nne. Keki alizowahi kula maishani mwake ni za harusini na za send-off za watu, kile kipande cha ukubwa wa kiberiti kinachopitishwa kwenye sinia, unakichukua kwa vidole viwili na kimeisha. Nilikuwa nimemwahidi keki ambayo angeikata yeye mwenyewe.

Mayai tulikuwa nayo, kuku ni wetu. Maziwa pia. Unga, sukari, mafuta na beking pauda mama alivinunua gulioni juzi yake, na pamoja na kopo la kokoa nililonunua mimi, hesabu ilifika kama shilingi 10,000. Nakumbuka hesabu hiyo kwa sababu ya kilichofuata.

Makaa yalikuwa yameshapangwa juu ya bati na harufu imeanza kutoka pale jirani yetu alipopiga hodi. Mimi namwita mama mdogo, ingawa hatuna undugu wa damu; mashamba yetu ya migomba yanapakana. Alibaki amesimama. Alisema mwanawe wa mwisho ana homa siku ya pili, tangu asubuhi anahema haraka haraka, na anahitaji 10,000 ya pikipiki ya kumfikisha hospitali na ya kurudia.

"Hela hakuna, mdogo wangu," mama alimwambia. "Ungekuja juzi. Hapa unapotuona hatuna kitu."

Mama mdogo alitazama jiko. Sidhani kama alikusudia. Pale uani hakukuwa na kitu kingine cha kutazama. Kisha akasema haya, asanteni, akaondoka.

Mama hakusema uongo. Mfukoni mwake hakukuwa na kitu. Lakini ndani, kwenye mfuko wa zipu wa begi langu, kulikuwa na shilingi 40,000, nauli yangu ya kurudi Mwanza. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya jiko, nimeshika koleo, na sikusema neno.

Keki iliiva vizuri. Mdogo wangu aliikata, akafurahi, akapiga picha. Kwangu kipande kilikwama kooni. Jioni nilifunga vipande vinne kwenye sahani nikampelekea mama mdogo, nikiwa na lile wazo la kipumbavu kwamba keki inaweza kujibu ombi la pikipiki. Nilimkuta ametoka kurudi hospitali. Mtoto alikuwa amechomwa sindano na kupewa dawa, amelala. Nilimuuliza hela alipata wapi. Akajibu kama mtu anayesimulia hali ya hewa: amekatisha kahawa, debe moja.

Kama hukukulia Kagera, neno la jambo hilo ni butura. Mnunuzi anakupa fedha kidogo leo wakati kahawa bado ni ya kijani mtini, na ukifika msimu anakuja kuchukua kahawa yake. Bei ya butura haina uhusiano na bei ya msimu. Ni bei ya shida yako ya siku hiyo. Serikali imeipiga marufuku mara kwa mara, na vyama vya msingi vinataka kahawa ipitie kwao, lakini marufuku hailipi pikipiki saa nane mchana.

Alipokea sahani kwa mikono miwili. Kipande kimoja alikigawa palepale kwa watoto wanne, vingine akaviweka. Halafu akaingia ndani, akatoka na kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na majani na kukaushwa, ambazo kwetu hupewa mgeni kabla ya mazungumzo. Nikachukua mbili. Ndivyo inavyotakiwa, kukataa ni tusi. Nilitafuna kahawa ya mtu aliyetoka kuuza kahawa yake kwa sababu mimi nilinyamaza.

Kwa muda mrefu baada ya hapo niliishtaki keki. Chuoni tulikuwa tumesoma insha ya Peter Singer, mwanafalsafa wa Australia, iliyochapishwa mwaka 1972 wakati kumbukumbu ya njaa na wakimbizi wa Bengali ya Mashariki ilikuwa bado mbichi. Anatoa mfano wa mtoto anayezama kwenye kidimbwi. Ukipita hapo, utaingia umtoe, hata kama nguo zako zitajaa tope, kwa sababu nguo si kitu mbele ya uhai. Kisha anauliza kwa nini hoja hiyo ibadilike eti kwa sababu mtoto yuko mbali. Kama unaweza kuzuia jambo baya bila kutoa kitu chenye uzito unaokaribia wa jambo hilo, unapaswa kulizuia. Kwa hesabu yake, karibu kila anasa inageuka deni: viatu vya pili, chakula cha hotelini, keki.

Darasani tulibishana sana juu ya umbali. Kwenye ua wetu hakukuwa na umbali wowote. Mtoto wa kidimbwini alikuwa ng'ambo ya migomba yetu. Kwa hiyo nikahitimisha: 10,000 ya keki ilikuwa 10,000 ya pikipiki, na mtu mwenye haya hawezi kupika keki ya chokoleti mahali ambapo watu wanauza kahawa mbichi ili wafike hospitali.

Hitimisho hilo lilinikaa vizuri kwa miezi kadhaa. Nadhani sasa lilinikaa vizuri kwa sababu halikuwa linanihusu mimi. Keki haiwezi kujitetea. Ukishaitia hatiani, kesi imefungwa, na hakuna anayeuliza kuhusu begi.

Hebu tuifuate saa ile sawasawa. Mama mdogo alipopiga hodi, unga ulikuwa umeshachanganywa na makaa yamewaka. Kuimwaga keki kusingempa hata shilingi mia. Fedha ya keki ilikuwa imekwisha, kama ilivyokwisha fedha ya chumvi ya wiki iliyopita. Na tulipokuwa tunainunua juzi yake, mtoto hakuwa anaumwa. Sijui ni kanuni gani ingetutaka tusinunue unga kwa sababu kesho huenda mtoto wa jirani akapata homa. Kanuni hiyo ingetukataza pia sare ya shule, kwa sababu siku zote kuna kesho na siku zote kuna homa. Mama angekuwa anagawa kila kilichopo kwa kila anayepiga hodi, mimi nisingefika chuo cha kunifundisha Singer.

Tena kuna jambo ambalo hesabu ya Singer haikunisaidia kulipima. Mdogo wangu ana miaka 17, na tangu azaliwe kila kitu alichopewa kilikuwa na sababu: daftari la kusomea, viatu vya kutembelea, dawa ya kuponea. Keki haikuwa na sababu. Ilisema tu kwamba tumefurahi kwa ajili yake. Watu wasio na kitu nao wana haki ya kupewa kitu kisicho na sababu, na ukiwaambia wasubiri mpaka shida za kijiji ziishe, umewaambia wasipewe kamwe. Anasa ya maskini hukaguliwa kwa ukali ambao hakuna anayekagulia harusi ya tajiri.

Kwa hiyo siioni tena keki kuwa kosa. Naona kosa lilikuwa dogo na la karibu zaidi: zile nukta ishirini hivi kati ya "hatuna kitu" na "haya, asanteni", ambazo nilikuwa na 40,000 na mdomo.

Kwa nini sikusema? Nimejaribu kujibu bila kujipendelea. Mwaka 1962, katika kijitabu chake juu ya Ujamaa, Nyerere aliandika kuwa jamii ikipangwa ili ijali watu wake, hakuna anayefanya kazi ambaye atahitaji kuhodhi mali leo kwa hofu ya kesho. Uchoyo, kwa maelezo hayo, unaanzia kwenye woga. Naukubali kuwa wangu. Nilimwona kichwani mama mdogo akishindwa kurudisha ile hela hadi Januari, nikajiona nimekwama Nkwenda, masomo yameanza, na hakuna ofisi wala mtu wa kunivusha. Mimi niliificha kesho yangu kwenye zipu, na ng'ambo ya migomba mama mdogo akauza ya kwake. Woga ulikuwa uleule. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na mtoto anayehema na mimi nilikuwa na ratiba.

Lakini maelezo si ruhusa. Hata kama nisingetoa 10,000, palikuwa na mambo mengi kati ya kutoa na kunyamaza. Ningeweza kusema: ninayo nauli, naiogopea, utaweza kunirudishia lini? Ningeweza kumpa 5,000 na kumwomba mwenye pikipiki angoje nusu nyingine. Ningeweza kumuuliza mama mbele yake. Yote hayo yanahitaji kusema kwanza kwamba kipo. "Hakuna" ni neno linalofunga mazungumzo, na nililiacha lifunge nikiwa najua si kweli kwa upande wangu. Nadhani hapo ndipo deni letu kwa jirani linapoanzia. Huenda mwishowe tusimpe. Ila anastahili tukatae, kama tunakataa, tukiwa tumekionyesha tunachokizuia.

Usiku wa kuamkia safari nilimwambia mama juu ya ile nauli. Alikuwa anakunja kanga, hakuacha kukunja.

"Nilijua unayo," alisema. "Utarudije Mwanza bila nauli? Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Nikikusemea, ni kukunyang'anya."

Baada ya muda akaongeza: "Na mimi nilinyamaza. Tuko wawili."

Mwezi wa saba mdogo wangu alinipigia simu akanieleza habari za nyumbani, na katikati yake akasema yule mnunuzi amekuja kuchukua debe lake kwa mama mdogo. Kahawa ile kwenye chama cha msingi ingemlipa mara kadhaa ya 10,000. Wiki hiyo nilimtumia mama mdogo fedha kwa simu. Alinipigia kushukuru, akauliza ni za nini. Nikamwambia za sikukuu. Ilikuwa Julai, hakukuwa na sikukuu yoyote iliyotuhusu, na yeye hakuniuliza zaidi.

Desemba hii narudi. Mdogo wangu ameshaagiza keki, na kopo la kokoa nimenunua. Nitaipika ileile, makaa mengi juu na machache chini. Lakini kabla sijawasha mkaa nitapita ng'ambo ya migomba, nikae, nipokee kahawa ya kutafuna, na nimwambie mama mdogo kwamba siku ile nauli ilikuwa ndani ya begi.