Miaka ya Mbunge na Dhamana ya Jimbo

Ubunge wa muda mrefu hubeba mambo mawili yanayochanganywa kwa urahisi: uzoefu na dhamana. Uzoefu hulimbika ndani ya mtu. Mwaka hadi mwaka mbunge hujua faili la mradi wa maji limekwama meza gani, na swali la nyongeza liulizwe vipi ili waziri asipate pa kukwepea. Dhamana hailimbiki. Hutolewa kwa miaka mitano, ikiisha imekwisha, na anayeitaka tena huiomba upya. Ndiyo maana kura ya aliyekaa bungeni miaka thelathini na kura ya aliyeapishwa jana huhesabiwa sawa.

Safari ya Stephen Wasira wa Bunda, mkoani Mara, inaonyesha tofauti hiyo vizuri kwa sababu haikunyooka. Aliingia bungeni mwaka 1970, akiwa na umri wa miaka 25, kupitia jimbo la Mwibara, upande wa ziwani ambako kivuko cha Kisorya huvusha watu kwenda Ukerewe. Chama kilikuwa kimoja, lakini mgombea hakuwa mmoja. TANU ilisimamisha wawili katika jimbo, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, ili asiyejua kusoma naye apige kura bila kusaidiwa. Walipanda jukwaa moja mbele ya watu walewale, na ilikuwa marufuku kunadi kabila au dini. Kwa kuwa sera zilikuwa zilezile, aliyepimwa alikuwa mtu: nani kati ya hawa wawili atatusemea? Upimaji huo ulikuwa na makali ya kweli. Katika uchaguzi wa kwanza wa aina hiyo, mwaka 1965, hata Paul Bomani, waziri aliyefahamika nchi nzima, aliangushwa.

Vyama vingi viliongeza uzito wa swali hilo. Mwaka 1995 Wasira hakupata tiketi ya CCM Bunda, akahamia NCCR-Mageuzi na kumshinda Joseph Warioba, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990. Baadaye mahakama iliutengua ushindi huo. Alirejea CCM, na mwaka 2005 akarudi bungeni na kushika wizara kadhaa, ikiwamo ya kilimo. Mwaka 2015, akiwa bado waziri, alishindwa Bunda Mjini na Ester Bulaya wa Chadema, ambaye kipindi kilichotangulia alikuwa mbunge wa viti maalumu wa CCM. Siku hiyo, kati ya hao wawili, aliyeijua serikali kwa undani zaidi alikuwa Wasira. Wapiga kura hawakukanusha ujuzi huo. Walichagua mtu mwingine wa kuwasemea, na hawakudaiwa sababu.

Hapo ndipo hoja inapokuwa ngumu. Je, jimbo halijidhulumu linapomwacha mtu anayejua njia? Mwanasiasa wa Uingereza Edmund Burke, alipowahutubia wapiga kura wa Bristol mwaka 1774, alisema mbunge anawiwa nao uamuzi wake mwenyewe, hata usipokubaliana na matakwa yao. Ni hoja nzito, kwani mbunge anayerudia tu maneno ya mkutano wa mwisho aliouhudhuria hana msaada mkubwa. Lakini mwaka 1780 Burke, alipoona hatashinda, alijitoa Bristol. Uamuzi ulikuwa wake. Kiti kilikuwa cha Bristol.

Athens ya kale ilitatua jambo hili kwa zamu: raia aliruhusiwa kukaa katika baraza la watu mia tano mara mbili tu maishani. Mkoani Mara nako hakukuwa na ugeni wa zamu. Wakurya, Wazanaki wa Butiama na majirani zao waligawana mamlaka kwa marika. Rika lililotangulia liliachia lililofuata, hata kama bado lilikuwa na wenye busara. Katika ngazi ya taifa, mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984 yalimwekea Rais ukomo wa vipindi viwili. Mbunge hakuwekewa.

Tume ya Mabadiliko ya Katiba, iliyoongozwa na Warioba huyohuyo, ilipendekeza mawili katika rasimu yake ya mwaka 2013: ubunge usizidi vipindi vitatu, na wapiga kura wawe na haki ya kumwondoa mbunge kabla muda wake haujaisha. Mapendekezo haya huzungumzwa kama pacha, na hilo si sawa. Ukomo unahesabu miaka, na miaka ni upande wa uzoefu; unamzuia hata mbunge ambaye watu wake bado wanamtaka. Haki ya kumwondoa inagusa dhamana yenyewe, kwa kuwa inamrudishia mwenye mali neno la mwisho. Hata hivyo ukomo una utetezi mmoja wenye nguvu. Aliyekaa sana huingia kwenye kampeni na jina, mtandao wa makada na usimamizi wa Mfuko wa Jimbo, huku mpinzani wake akianza na nauli ya kuzungukia vijiji. Katika mizani ya namna hiyo, dhamana inayodaiwa kutolewa upya hutolewa nusu upya.

Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014, lililoijadili rasimu hiyo, liliyaacha yote mawili, na kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa haijafanyika. Ubunge ukabaki bila ukomo wa vipindi, na hukumu ya wapiga kura ikabaki kusubiri mwaka wa tano. Wasira mwenyewe, Januari 2025, alichaguliwa na mkutano mkuu wa CCM uliofanyika Dodoma kuwa Makamu Mwenyekiti wa chama hicho, Bara. Dhamana hiyo ni ya wajumbe wa chama, nao ndio watakaoidai.